Walitoka Wapi Hawa Tasi?

Siku niliyokwenda kumwambia babu yangu kwamba nimepata nafasi ya kusoma shahada ya uzamili, nilimkuta pwani akiziba tundu la dema lililokatika. Nikamwamkia, akaitikia marahaba bila kuinua macho.

"Safari hii utasoma nini, mke wangu?"

Nikamwambia nitasoma samaki wa miamba ya matumbawe. Akacheka. Akauliza samaki wanasomwaje. Nikamjibu kwamba kwanza wanahesabiwa.

"Haya, umeshawahesabu. Halafu?"

Nikanyamaza. Akaingiza mkono kwenye pakacha, akatoa tasi mmoja, akamshika kwa uangalifu wa mtu aliyekwisha kuchomwa na miba yake mara nyingi. "Huyu hapa. Mimi nilimkuta hapa hapa, na baba yangu alimkuta hapa hapa. Ukisharudi huko kwenye masomo yako uje uniambie: alitoka wapi?"

Nilimjibu papo hapo, kwa haraka ya mtu mwenye shahada moja anayedhani ameshiba. Nikasema hawa hawakutoka popote. Tangu mwamba huu uwepo nao wapo, mamilioni ya miaka. Babu akanitazama kama mtu anayeuziwa samaki wa juzi kwa bei ya leo. Akasema Mungu ndiye muumba, hilo analijua, hakuniuliza hilo. Aliuliza njia.

Jibu langu lilikuwa na makosa mawili, na imenichukua karibu miaka miwili kuyaona yote. Insha hii ni masahihisho.

*

Nilianza na jina, maana jina ndilo rahisi kufuatilia. Kwa wanasayansi, tasi wote wamo katika jenasi moja, *Siganus*. Nilidhani ni Kilatini. Kumbe ni Kiarabu kilichovalishwa kanzu ya Kilatini.

Mwaka 1761 meli iliondoka Copenhagen ikiwa imebeba wasomi waliotumwa na mfalme wa Denmark kwenda Uarabuni. Mmoja wao alikuwa Peter Forsskål, kijana wa miaka ishirini na tisa, mwanafunzi wa Linnaeus. Forsskål alijifunza Kiarabu, na alipofika Bahari ya Shamu alifanya jambo ambalo wasomi wengi wa zama zake hawakulijali: aliwauliza wavuvi samaki huyu mnamwitaje, akaandika jibu. Ndiyo maana hadi leo vitabu vya samaki duniani vina majina kama *Siganus* na *Abudefduf*, maneno ya wavuvi wa Kiarabu. Alikuwa akikausha ngozi za samaki, nusu mwili, na kuzibandika kwenye karatasi kama mtu anayehifadhi majani ya mimea. Ngozi hizo nyingi zingalipo Copenhagen. Mwenyewe hakurudi. Alikufa kwa malaria huko Yemen mwaka 1763, na wenzake wakafa mmoja mmoja, akabaki Carsten Niebuhr peke yake. Niebuhr ndiye aliyechapisha maandishi ya rafiki yake, mwaka 1775.

Tasi wetu wa Unguja, yule anayejaa kwenye madema ya babu, aliandikwa baadaye, mwaka 1835, na Mfaransa Valenciennes, akaitwa *Siganus sutor*. Maana ya *sutor* ni fundi viatu. Kisha mwaka 1866 kikatoka London kitabu kizima cha samaki wa Zanzibar, kilichoandikwa na Playfair, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza hapa kisiwani, pamoja na Günther wa makumbusho ya London. Nilipokiona kitabu hicho kwa mara ya kwanza kwenye skrini ya kompyuta nilihisi kitu kama wivu. Samaki wa bibi zangu walipakiwa kwenye pipa la spiriti, wakasafirishwa, wakachorwa vizuri, na mvuvi aliyewatega hakutajwa.

Lakini majina yananiambia nani alimwandika samaki. Hayaniambii samaki alitoka wapi. Kwa hilo ilinibidi nende mbali zaidi, kwenye mlima, Italia.

*

Kaskazini mwa Italia, karibu na mji wa Verona, kuna kijiji kinachoitwa Bolca. Kipo milimani, mbali na bahari, na bado kwa karne nyingi wanakijiji wamekuwa wakichimbua samaki humo. Ni samaki wa mawe. Ukipasua bamba la chokaa kwa nyundo na patasi, huenda likafunguka kama kitabu, na katikati ya kurasa mbili yupo samaki mzima: mifupa yote, mapezi yote, wakati mwingine hata dalili ya rangi ya mwili. Machimbo maarufu zaidi wenyeji huyaita Pesciara, yaani bakuli la samaki.

Visukuku hivyo vimetajwa katika maandishi tangu mwaka 1555. Matajiri wa Verona walishindana kuvikusanya. Jeshi la Napoleon lilipoingia, mwaka 1797, mkusanyiko mkubwa wa bwana mmoja aliyeitwa Gazola ulichukuliwa na kupelekwa Paris, mamia ya mabamba. Huko ndiko Louis Agassiz alikokuja kuwachunguza, alipokuwa akiandika kazi yake kubwa ya samaki wa kale. Hata samaki waliokufa mamilioni ya miaka iliyopita, basi, wamewahi kutekwa vitani.

Umri wa mabamba hayo ni takriban miaka milioni 50. Wakati huo Italia haikuwa kama tunavyoijua. Palikuwa na bahari ya joto iliyoitwa na wanajiolojia Tethys, iliyopita katikati ya dunia kutoka upande wa Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Afrika ilikuwa kusini yake, Ulaya ilikuwa visiwa visiwa kaskazini yake. Bolca ilikuwa maji ya pwani yenye utulivu, karibu na matumbawe.

Zaidi ya spishi 200 za samaki zimetambuliwa kwenye mawe hayo. Nilipokuwa nikipitia picha zao usiku mmoja chumbani, nilianza kama mwanafunzi na nikamalizia kama mjukuu wa mvuvi, kwa sababu niliwajua. Si mmoja mmoja, maana spishi zenyewe zimekwisha kutoweka. Niliwajua kwa ukoo, kama unavyomjua mtoto kwa sura ya babu yake. Yule pale ni jamaa wa kangaja, mwembamba wa ubavu, mdomo mdogo wa kudonoa. Yule ni wa ukoo wa chewa wa kale. Na huyu hapa, mwenye safu ya miba mgongoni na safu nyingine tumboni, ni jamaa wa tasi.

Tasi wa leo ana miba 13 ya mgongoni, miba 7 ya pezi la chini nyuma ya tumbo, na miba miwili kila upande kwenye mapezi ya kifuani kwa chini. Jumla 24, yote ina sumu. Babu hajawahi kuihesabu lakini mkono wake unaijua. Kuona mpangilio wa namna hiyo juu ya jiwe la milima ya Italia, niliinuka nikazunguka chumba.

Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza. Nilisema hawa hawakutoka popote. Kumbe ukoo wao una kumbukumbu za kwao, na kumbukumbu hizo ziko mbali kabisa na Unguja.

*

Kwa nini Bolca ni muhimu kuliko machimbo mengine? Kwa sababu inaonyesha mwanzo wa jamii ya samaki ambayo mtu wa leo angeitambua kuwa ni ya mwamba wa matumbawe.

Matumbawe yenyewe ni ya zamani zaidi. Miamba ilikuwepo enzi za dinosaria, na samaki walikuwepo. Ila samaki wale walikuwa wa kazi nyingine: wengi walivunja kome na kaa kwa meno mapana, wengine waliwinda. Waliokula majani ya bahari, kuchunga mwani kama mbuzi anavyochunga nyasi, walikuwa adimu mno. Kisha, miaka milioni 66 iliyopita, kimondo kikubwa kikaanguka pale ambapo leo ni Mexico, na viumbe wengi sana wakaangamia, baharini na nchi kavu. Miongoni mwa waliobaki walikuwamo samaki wenye mapezi ya miba, na mbele yao palikuwa na bahari yenye nafasi wazi.

Bolca ni picha iliyopigwa miaka milioni 16 hivi baada ya msiba huo. Ndani yake wazee na vijana wamo pamoja. Wapo wavunja kome wa kale, wa mwisho wa ukoo wao, ambao hawakuishi muda mrefu baada ya hapo. Na wapo wageni wenye midomo midogo na taya fupi, walioanza kuchunga. Hili la kuchunga linaonekana dogo lakini ndilo lililobadilisha mwamba. Mwani hukua haraka kuliko tumbawe. Pasipo mchungaji, mwani hufunika jiwe na tumbawe changa halipati pa kushika. Samaki walipoanza kula mwani, matumbawe yalipata nafasi. Matumbawe yalipopata nafasi, yakajenga mapango, matawi na vichochoro. Na kila kichochoro kikawa nyumba ya samaki mwingine. Tusiseme basi kwamba mwamba uliwaumba samaki au samaki waliuumba mwamba. Walilelewa pamoja.

Lakini Bolca ina mapengo yake. Nilimtafuta pono kwenye orodha, sikumpata. Pono, yule mwenye mdomo kama kasuku anayekwangua mawe na kutoa mchanga mweupe nyuma yake, hakuwa amezaliwa kwenye dunia ile. Kisukuku cha pono wa mwanzo tunaowajua kimepatikana Austria, nchi ambayo leo haina hata hatua moja ya pwani, na umri wake ni kama miaka milioni 14. Uchunguzi wa vinasaba nao unasema hivyo hivyo: koo nyingi za leo zilikuwepo mapema, lakini wingi wa spishi ndani ya koo hizo, pono, vitatange na wenzao, umetokea zaidi katika miaka milioni 20 na kitu ya mwisho, pamoja na kutanuka kwa miamba yenyewe. Ni kama mji: mitaa ilipimwa zamani, nyumba zikajengwa baadaye sana, tena karibu zote kwa mkupuo.

*

Sasa, wametoka Italia wamefikaje huku?

Jibu fupi ni kwamba hawakuhama wao, iliyohama ni bahari. Bara la Afrika pamoja na Uarabuni liliendelea kusukumwa kaskazini, polepole kama kucha inavyoota, hadi likagusana na Asia. Tethys ikabanwa, ikafungwa. Kati ya miaka milioni 20 na milioni 12 hivi iliyopita, mlango wa maji kati ya Mediterania na Bahari ya Hindi ulizibwa na nchi kavu. Wakati huo huo, upande wa mashariki, Australia ilikuwa inajisogeza kuelekea Asia, na kati yao vikaibuka visiwa vingi vyenye maji ya kina kifupi, joto na mwanga: Indonesia, Ufilipino na Papua New Guinea za leo.

Watafiti waliokusanya kumbukumbu za visukuku waliona kwamba kitovu cha wingi wa viumbe wa bahari kilikuwa kinaruka. Miaka milioni 50 iliyopita kilikuwa magharibi mwa Tethys, Ulaya ya kusini. Miaka milioni 20 na kitu iliyopita kilikuwa pande za Uarabuni. Leo kipo kwenye kile kinachoitwa Pembetatu ya Matumbawe, kule Indonesia na jirani zake, ambako kuna zaidi ya spishi 2,000 za samaki wa miamba. Kila palipokauka, au palipopoa, samaki wa pale walikwisha. Waliosalimika ni wale ambao kizazi chao kilikuwa kimeshafika kwingine. Mediterania yenyewe ilipoteza tasi wake wote. Miaka milioni tatu hivi iliyopita shingo ya nchi ya Panama ikamaliza kuziba upande wa pili wa dunia, na Karibiani ikabaki peke yake. Mpaka leo ukizamia Karibiani utakuta pono, utakuta kangaja, hutakuta tasi.

Na sisi huku, magharibi mwa Bahari ya Hindi? Vitabu vingi nilivyosoma vilituchora kama mkia: kitovu ni Indonesia, na kadiri unavyosogea mbali spishi zinapungua, basi. Picha hiyo haijakamilika. David Obura, mtafiti wa matumbawe wa Mombasa, alionyesha mwaka 2012 kwamba kaskazini mwa Mlango wa Msumbiji kuna kilele cha pili cha utajiri wa matumbawe, na kwamba baadhi ya koo zake zina harufu ya Tethys ya kale kuliko ya Indonesia. Samaki nao wana ushahidi wao. Wale samaki wadogo wenye mistari wanaoishi ndani ya anemoni walianzia upande wa Indonesia. Lakini tawi moja lilipofika Afrika Mashariki lilianza upya, likazaa spishi zake hapa hapa, zilizogawana anemoni kwa namna inayofanana na ile ya jamaa zao wa mashariki. Na *Siganus sutor* wa babu ni wa hapa: pwani ya Afrika Mashariki, Komoro, Madagaska, Shelisheli na visiwa vya jirani. Ukoo wake ulianza mbali. Yeye mwenyewe ni mtoto wa Bahari ya Hindi ya magharibi.

*

Kosa langu la pili lilikuwa kusema "tangu mwamba huu uwepo, mamilioni ya miaka."

Miaka 20,000 iliyopita dunia ilikuwa kwenye kilele cha enzi ya barafu. Maji mengi yalikuwa yameganda nchi za kaskazini, na usawa wa bahari ulikuwa chini kuliko leo kwa mita 120 au zaidi. Bahari iliyo kati ya Unguja na Bagamoyo sehemu kubwa haifikii hata mita 70. Maana yake ni kwamba haikuwepo. Unguja haikuwa kisiwa, ilikuwa kilima cha bara. Pemba tu, yenye mkondo wa kina cha mamia ya mita, ndiyo ilibaki na maji pande zote. Katika Pango la Kuumbi, kusini-mashariki mwa Unguja, wanaakiolojia wamechimbua mabaki ya watu na wanyama wa enzi hizo, na miongoni mwa mifupa hiyo kuna ya pundamilia.

Nilisoma hilo la pundamilia nikiwa kwenye daladala natoka mjini kwenda shamba, na nilikaribia kupitiliza kituo. Pale ambapo babu anashusha madema yake, mita kumi kwenda chini, palikuwa na nyasi na pundamilia. Mwamba haukuwepo. Matumbawe yaliyokuwepo kabla yake yalikuwa yamekauka na kugeuka jiwe. Ni mawe ya namna hiyo tunayochimbia visima na kujengea nyumba. Kuta za Mji Mkongwe ni mwamba wa bahari ya kale uliokatwa vipande. Bahari ilipanda tena taratibu, ikaifunika nchi ile, na mwamba wa leo umeota juu ya magofu hayo katika miaka elfu chache tu iliyopita. Ni mchanga kuliko kilimo cha binadamu.

Na jambo hilo halikutokea mara moja. Katika miaka milioni mbili na zaidi ya mwisho bahari imeshuka na kupanda mara nyingi. Kila iliposhuka, vidimbwi, nyasi za bahari na miamba ya maji mafupi vilikauka kote. Samaki wa mwambao wetu walikuwa wapi?

Walikuwa pembeni. Palipokuwa na mteremko mkali, mwamba uliweza kushuka pamoja na bahari na kuendelea kuishi ukingoni, mwembamba kama pindo la kanga. Mwaka 2014 kundi la watafiti lilipima jambo hili dunia nzima: walichora mahali ambapo mazingira ya matumbawe yalidumu nyakati za barafu, kisha wakalinganisha na wingi wa samaki wa leo. Waligundua kwamba kadiri mahali palivyo karibu na kimbilio hilo la kale, ndivyo palivyo na spishi nyingi hadi sasa. Makumi ya maelfu ya miaka baadaye, ramani ya samaki bado inakumbuka nani alikuwa jirani na nani alipobaki maji.

Kutoka kwenye makimbilio hayo walirudi wakiwa watoto. Tasi hukusanyika kutaga kwa kufuata mwezi, jambo ambalo wavuvi walilijua kabla ya sisi wenye madaftari. Mayai yanapoanguliwa, vitoto vyake, vyembamba kama uzi na vya kuona mwanga kupita ndani yao, huelea baharini wiki kadhaa. Kwenye pwani yetu mkondo mkuu huelekea kaskazini mwaka mzima, ukivipitisha kusi na kaskazi. Vingi sana huliwa. Vichache husikia makelele ya mwamba na kunusa harufu yake, vikashuka usiku, vikaanza kula mwani. Kila tasi kwenye dema ni mgeni aliyefika akaanza maisha, na mzazi wake huenda hakuwa mwamba ule.

*

Kuna kipande kimoja cha historia hii ambacho kimetokea karibu mno. Mwaka 1869 Mfereji wa Suez ulifunguliwa, na Bahari ya Shamu ikaunganishwa na Mediterania kwa mara ya kwanza tangu Tethys ifungwe. Miaka ya 1920 tasi alionekana upande wa pili, mwambao wa Palestina. Alikuwa *Siganus rivulatus*, yule yule aliyeandikwa na Forsskål. Spishi ya pili ikafuata. Leo wapo Lebanon, Uturuki, Ugiriki, na wanachunga kwa nguvu kiasi kwamba kuna miamba ya mawe iliyokuwa na misitu ya mwani na sasa imebaki mitupu. Mwani wa kule ulikuwa umekaa mamilioni ya miaka bila kumwona tasi.

Wanasayansi wanawaita wavamizi, na kwa hesabu ya miaka 100 ni kweli. Kwa hesabu ya miaka milioni 50, wamerudi kwao wakakuta nyumba ina wapangaji. Nimejifunza kutochagua upande haraka.

*

Mwaka jana kamati ya uvuvi kijijini kwa mama ilipendekeza kufunga kipande cha mwamba kwa miezi mitatu, wakati tasi wanataga. Kipande hicho ndicho babu anaposhusha madema yake. Waliniomba nizungumze, kwa sababu nimesoma na kwa sababu, nadhani, walitaka mtu wa nyumbani kwake ndiye aseme.

Nikazungumza. Nikaanza kwa kusahihisha nililomwambia miaka miwili nyuma, mbele za watu. Nikaeleza bahari iliyohama, pundamilia, pindo la kanga. Wazee walikaa kimya kwa namna ambayo darasani sijawahi kuipata. Nikaeleza pia tofauti ya sasa: zamani bahari ilichukua maelfu ya miaka kushuka, na pembeni palibaki. Mwaka 1998 maji yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe ya pwani yetu yalipauka na mengi kufa ndani ya msimu mmoja, na joto la namna hiyo limekuwa likirudi. Ukoo unaweza kuishi miaka milioni 50 ikiwa kila mara panabaki mahali pa kubaki. Mahali hapo pasipokuwepo, hakuna wa kurudi.

Babu akaomba kusema.

"Kwa hiyo hawakuwa hapa."

"Hawakuwa, babu. Hata bahari haikuwa hapa."

"Walikuwa pembeni."

"Ndiyo."

Akafikiri kidogo. "Nimefahamu. Maneno mazuri. Samaki wamewekewa pembeni yao, wakae mpaka mambo yatengemae. Na mimi, miezi mitatu hiyo, pembeni yangu iko wapi?"

Hakuna aliyecheka. Nilikuwa na kurasa za takwimu mkononi na hakuna hata moja iliyohusu hilo. Nilichojua ni kwamba dema linahitaji kuinuliwa ili nyumba ipate unga, na kwamba ada yangu ya mwaka wa kwanza wa chuo, miaka sita nyuma, ilitoka kwenye madema yale. Nikasema sina jibu. Mwenyekiti akaleta mezani suala la posho, likajadiliwa hadi magharibi, likapatiwa ahadi, si fedha.

Kipande kilifungwa. Babu hakuafiki, ila hakuvunja. Alisogeza madema yake nje zaidi, kwenye maji ya kina ambako kuna mkondo na umri wake hauruhusu, na kwa miezi mitatu mama yangu hakulala vizuri. Binamu yangu alianza kwenda naye. Nilikuwa nikipiga simu kila jioni kuuliza kama wamerudi, nikijua kwamba mmoja wa waliomsukuma huko ni mimi.

Siku ya kufungua nilikuwepo. Nilipima samaki wa dema la kwanza mmoja mmoja, kwa rula. Namba sitaziandika hapa, kwa sababu miezi mitatu haitoshi kusema lolote la kweli kuhusu viumbe wa umri huu, na nimekwisha kuchoma vidole vyangu kwa majibu ya haraka. Babu alikaa juu ya mtumbwi akinitazama, akavuta tasi mmoja mkubwa, akamgeuza huku na huku.

"Huyu kwao Italia," akawaambia vijana waliokuwa pembeni, kwa sauti ya mtu anayewatambulisha kwa mgeni wake. Wakacheka. Mimi nikaona amenifupishia tasnifu nzima kwa maneno matatu, na kosa lake lilikuwa dogo kuliko langu.

Kisha akaingiza mkono tena kwenye dema, akatoa pono wa buluu, akamwinua juani.

"Na huyu?"

Nikaweka rula chini. "Huyo, babu, ni mdogo wao. Sogea nikae."